Waliosajiliwa Wasionekane

Mama Chepng'etich hakuketi alipokaribishwa kiti. Alifungua kamba ya mfuko aliokuja nao, akaumimina juu ya meza ya meneja. Yalitoka mahindi ya kijani na kijivu, yameshikana mabonge, na harufu ya kuvu ikamfanya meneja, Bwana Osundwa, arudishe kiti chake nyuma mpaka kikagonga ukuta.

"Hii ni yangu," mama akasema. "Gunia arobaini na mbili ziko namna hii. Nimeogopa hata kuwapa kuku."

"Pole, mama. Lakini kulingana na kompyuta, wewe hukujisajili."

"Mwaka jana uliniambia hivyo nikanyamaza. Nikasema labda nimezeeka, nimesahau. Mwaka huu nimekuja na shahidi." Akamwonyesha mzee aliyesimama mlangoni na kofia mkononi, jirani yake Barnaba, Mkalenjin kama yeye. "Huyu alikuwa nyuma yangu kwa foleni. Yeye draya ilimfikia. Mimi, simu yangu imenyamaza mpaka leo."

Kisha akatoa karatasi ya daftari iliyokunjwa mara nne, akaiweka juu ya yale mahindi. Ilikuwa na majina kumi na moja. Wote hao, alisema, walijisajili wenyewe mezani kwa yule mama wa miwani, wakaonyeshwa neno la kijani kwenye kioo, halafu wakapotea.

Naliaka alikuwa amesimama kando ya kabati la mafaili, ameitwa kutoka chumba cha pili bila kuambiwa kwa nini. Sasa alielewa. Ushirika wao ulikuwa na mashine nne za kukausha mahindi, draya kama wakulima walivyoziita, zilizovutwa na trekta shamba kwa shamba kule Lugari wakati wa mavuno. Mkulima alijisajili wakati wowote kuanzia mwanzo wa msimu, jina lake likaingia kwenye programu, na programu ikapanga zamu na kumtumia ujumbe siku moja kabla draya haijamfikia. Novemba hiyo mvua ilikuwa haikatiki. Mahindi yakikaa wiki mbili bila kukauka huota kuvu lenye sumu, na hayo hayaliwi wala hayauziki. Na mtu wa kuitunza programu hiyo, pamoja na seva yake, alikuwa Naliaka.

Wageni walipokwisha kushuka ngazi, Osundwa alifunga mlango.

"Umeyaona hayo majina?"

"Nimeyaona."

"Kumi na moja. Tisa ni Wakalenjin."

"Wawili si Wakalenjin. Kuna Lung'aho, na kuna Ong'ayo."

"Hao ni wa kufunikia." Osundwa alikuwa akikusanya mahindi kwa ukingo wa faili, akiyarudisha mfukoni punje kwa punje. "Na umesikia ni nani aliyewapokea. Wote wanasema ni yule mama wa miwani."

Mama wa miwani alikuwa Jescah. Makarani wa usajili walikuwa wawili tu, yeye na Willis, nao walikwenda Lugari pamoja kila Jumanne na Alhamisi, wakakaa meza mbili ubavu kwa ubavu. Willis alikuwa kijana wa maneno mengi, mpendwa wa wakulima. Jescah alikuwa mama wa Kiluhya wa miaka hamsini na minne kutoka Mukumu, aliyeanza kazi zamani za vitabu vikubwa vya mistari, na aliyekuwa na tabia ya kumwomba kila mkulima kitambulisho hata kama alimjua kwa miaka kumi. Watu walisema ana kiburi.

"Lakini Kibet yumo kwenye orodha ya zamu," Naliaka alisema. "Kipyegon yumo. Huyu mzee Barnaba mwenyewe draya imemfikia. Kama anawafuta Wakalenjin, mbona amewaacha hao?"

"Ndio ujanja wenyewe. Akifuta wote si atajulikana?"

Naliaka naye wazo hilohilo lilikuwa limempitia. Lugari ni nchi ya watu waliohamia mashamba ya Wazungu, Waluhya na Wakalenjin ua kwa ua. Wanaazimana majembe, wanazikana, watoto wao wanasoma darasa moja. Lakini kulikuwa na mwaka ambao nyua hizo zilichomwa, na aliyeona moshi ule hajausahau. Habari kwamba ofisi yao ya mjini Kakamega inafuta majina ya kabila moja ingefika kila shamba kabla ya draya yoyote.

"Wewe ni fundi," Osundwa alisema kwa sauti ya chini. "Weka kitu humo ndani. Kitu cha kutuambia nani anagusa nini, saa ngapi. Na asijue. Kikulacho ki nguoni mwako."

*

Naliaka alikuwa mtu wa kushuku tangu utotoni, na alijua ilikotoka hali hiyo. Baba yake alikuwa dereva wa trekta la miwa huko Malava. Siku moja dizeli ilipotea kwenye tangi la kampuni. Ufunguo wa tangi ulikuwa ukishikwa na watu watano, na hakuna aliyekuwa akiandika ni nani ameuchukua lini. Wakubwa wa kampuni waliwaangalia mmoja mmoja usoni, wakamchagua yeye kuwa mwizi. Alirudi nyumbani akalima mahindi na mboga mpaka alipofariki, na miaka yote hiyo, alipoingia kanisani, mazungumzo yalikuwa yakipungua kidogo kisha yakaanza tena. Mama yake, Milcah, aliapa kwamba mumewe hakugusa hata kijiko. Naliaka alitaka kuamini hivyo. Hakuwahi kumwuliza baba yake, na sasa asingeweza tena.

Alisomea kompyuta chuoni pale mjini, akatengeneza simu kibandani miaka mitatu, akajifunza kuandika programu kutoka video alizotazama usiku na makosa aliyofanya mchana. Ushirika ulipomwajiri mwezi wa Machi, alikabidhiwa programu iliyoandikwa miaka miwili nyuma na kijana aitwaye Tyson, ambaye alikuwa ameshakwenda Nairobi. Ilikuwa programu ya kufanya kazi na kunyamaza. Haikuwa ikiandika popote kwamba nani ameingia, nani ameongeza jina, nani amefuta. Ni kama ofisi isiyo na kitabu cha wageni. Naliaka alikuwa amejiambia mara nyingi kwamba atalirekebisha hilo, na kila mara kazi nyingine ikamvuta.

Sasa alilifanya kwa siku mbili. Kwanza aliweka daftari la seva, lile mafundi wanaloliita logi: kila aliyeingia, kila ukurasa uliofunguliwa, kila jina lililotafutwa au kusajiliwa, pamoja na saa, dakika na simu au kompyuta iliyotumika, yote yaliandikwa mstari mmoja mmoja kwenye faili ambalo karani hawezi kulifikia. Pili aliweka kinasa makosa: programu ikijikwaa popote, ujumbe ungeruka mpaka kwenye simu yake ukisema imejikwaa wapi na ilikuwa ikifanya nini. Alimweleza Osundwa. Osundwa aliuliza habari za lile daftari tu.

Hakumweleza Jescah. Asubuhi ile mama huyo alipita mezani pake akamwachia ndizi mbili kutoka nyumbani, kama alivyozoea, na Naliaka akasema asante bila kuinua macho.

Jumanne ikapita. Alhamisi ikapita. Kinasa makosa hakikutuma hata ujumbe mmoja. Watu mia moja na ishirini walisajiliwa Lugari, na kila mstari wa daftari uliishia kwa neno "imefaulu". Naliaka alifurahi kidogo. Kama programu ni nzima, basi mwenye kosa ni mtu.

Jumatatu alipolifungua tena daftari, akakuta mistari aliyokuwa akiitafuta. Jumapili saa tisa mchana, siku ambayo ofisi imefungwa, mtu aliyeingia kwa jina la Jescah, kwa simu, alikuwa ametafuta majina kumi na manne. Chepng'etich alitafutwa mara tatu. Lung'aho mara mbili. Na kwenye mistari ya wiki iliyopita lilikuwepo jina moja alilolisajili Alhamisi mara tatu mfululizo, ndani ya dakika nne.

Naliaka alitazama orodha ya zamu. Hakuna hata mmoja wa wale kumi na wanne aliyekuwemo.

Alikaa muda mrefu na kikombe cha chai kilichopoa. Kwa nini mtu atafute siku ya Jumapili majina yaleyale yaliyopotea? Angekuwa na haja gani, kama si kuhakikisha kwamba hayapo? Alitafuta maelezo mengine, lakini hakutafuta sana. Saa nne alichapisha kurasa mbili akampelekea Osundwa.

Jescah aliitwa kabla ya chakula cha mchana. Mlango haukufungwa vizuri, na Naliaka alisikia.

"Ni nini hasa nimefanya?"

"Uchunguzi unaendelea, Madam. Kwa sasa utakaa nyumbani."

"Nauliza nimefanya nini. Kama kuna kitu kimeandikwa, nisomee."

"Utaitwa."

Alitoka na mto wake wa kukalia na kikombe chake cha bati, akafuta miwani kwa ncha ya kitambaa cha kichwa. Alipomfikia Naliaka alisimama. Alimtazama kama mtu anayesoma kitambulisho, picha kisha uso, uso kisha picha, halafu akashuka ngazi.

*

Alhamisi hiyo karani alibaki mmoja, kwa hiyo Naliaka alikwenda Lugari mwenyewe kuijaza meza ya pili. Walisajili chini ya paa la mabati, mvua ikipiga mpaka mtu akalazimika kuinama ili asikike. Habari za Jescah zilikuwa zimetangulia. Wakulima wa Kikalenjin walikuja wawili wawili, mmoja akijisajili na mwingine akitazama vidole vya karani. Waluhya nao walikuwa wakinong'ona kwamba mama wa watu ametolewa kafara. Mwanamke mmoja kijana, Chepkoech, alipiga picha kioo cha Naliaka kilipoonyesha neno "Umesajiliwa", akasema bila kutabasamu, "Hii ni ya kuwekanga. Siku itahitajika."

Kuelekea saa nane akaja mzee mmoja mrefu mwenye koti la mvua. Naliaka alimwomba kitambulisho, kwa kuwa siku hiyo hakutaka kosa lolote limpitie, akanakili jina herufi kwa herufi: Kipng'eno. Akabonyeza. Neno la kijani likatokea. Mzee akalitazama, akamtazama na yeye.

"Wewe sasa ndiye karani wa kweli?"

"Ndiyo, mzee. Jina lako limeingia."

Ijumaa asubuhi, mjini, alifungua orodha ya zamu ili aone kazi yake. Alitafuta Kipng'eno. Programu ikamjibu kwamba hakuna mtu kama huyo. Alitafuta kwa nambari ya simu. Hayupo. Alifungua daftari la seva, na mstari ulikuwa pale, safi kabisa: jina lake mwenyewe, naliaka, saa nane na dakika sita mchana, kusajili Kipng'eno, imefaulu. Chini yake, Ijumaa saa mbili na nusu, naliaka tena, kutafuta Kipng'eno. Halafu naliaka, kutafuta kwa mara ya pili.

Mtu yeyote akisoma kurasa hizo angeona fundi aliyemsajili mzee, akamfuta, akarudi asubuhi kuhakikisha kwamba amefutika.

Jambo la kwanza alilowaza, na baadaye aliona haya kulikumbuka, ni kwamba faili lile lilikuwa mkononi mwake na angeweza kuuondoa mstari ule. Aliondoa mkono kwenye kipanya akauweka pajani. Kisha akawaza jambo la pili: Jescah naye alikuwa akitafuta hivihivi. Alikuwa akiwatafuta watu wake.

Aliandika majina yote yaliyopotea kwenye karatasi, moja chini ya jingine, yale kumi na moja ya Mama Chepng'etich, mengine ya Jumapili, na la mzee wa jana. Chepng'etich. Kipng'etich. Chelang'at. Ng'eno. Lung'aho. Ong'ayo. Kipng'eno. Aliyatazama kama kabila, hayakupatana. Aliyatazama kama vijiji, hayakupatana. Akayasoma kwa sauti, na pua yake ikamwambia kabla ya macho: ng', ng', ng'. Kila jina lilikuwa na ule mkato mdogo wa juu, ritifaa waliyofundishwa darasa la tatu.

Akaingia ndani ya programu ya Tyson, mahali ambapo jina hupelekwa kuhifadhiwa. Kwa hifadhi ile, mkato huo si sehemu ya jina. Ni alama ya kusema jina limeishia hapa. Ikipewa Chepng'etich, inasoma Chepng, inadhani imemaliza, kisha inakutana na "etich" na haijui ni amri gani hiyo. Inakataa yote. Hilo ni kosa la kawaida, fundi yeyote angeliona siku hiyohiyo kama programu ingelia. Lakini Tyson alikuwa ameizungushia sehemu ile mistari mitatu, na maana ya mistari hiyo ilikuwa hivi: kosa likitokea, nyamaza, onyesha "Umesajiliwa". Ndiyo sababu kinasa makosa hakikunasa kitu. Kosa lilikuwa limezibwa mdomo kabla halijakifikia. Na utafutaji nao ulizibwa vilevile; aliyetafuta jina lenye mkato alijibiwa kwamba hayupo.

Willis je? Alitafuta Chepngetich bila mkato, akawakuta watano, wote wamesajiliwa na Willis, wote wamepata zamu. Willis hakuwa na subira ya kuutafuta mkato kwenye kibodi, wala hakuomba vitambulisho. Uzembe wake ulikuwa umewaokoa watu, na uangalifu wa Jescah ulikuwa umewapoteza.

Alimpigia Tyson. Kijana alipokea akiwa mahali penye kelele, akasikiliza mpaka mwisho.

"Nakumbuka," akasema. "Meneja aliyekuwepo wakati ule alikuwa na wageni ofisini, programu ikatoa maandishi mekundu mbele yao. Akaniambia hataki kuona nyekundu tena. Nikaifunika. Nilisema nitarudi kuitengeneza."

"Ukarudi?"

"Nilipata kazi huku, dada."

Naliaka aliiondoa ile mistari mitatu, akasajili jina la majaribio lenye mkato, na simu yake ikatetemeka kwa mara ya kwanza. Kinasa makosa kilikuwa kimeleta ujumbe mrefu, na katikati yake neno "etich" peke yake. Kisha akaketi kurekebisha namna jina linavyohifadhiwa, na kufikia saa tisa Kipng'eno alikuwa amesajiliwa upya, yumo kwenye orodha, mkato wake ukiwa mahali pake.

*

Jumamosi alishuka matatu Khayega akachukua bodaboda hadi Mukumu. Jescah alikuwa nyuma ya nyumba akichambua kunde, sinia mapajani. Alimwonyesha mgeni kigoda kwa kidevu. Hakumwuliza kama atakunywa chai, na katika nyumba ya Waluhya hilo peke yake ni maneno ya kutosha.

Naliaka alimweleza yote kwa mpangilio: daftari la siri, kurasa alizochapisha, mzee Kipng'eno, mkato wa juu. Hakuficha kwamba ni yeye aliyezipeleka kurasa. Jescah aliendelea kuchambua mpaka mwisho.

"Kwa hivyo ulikuwa unanitazama," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Siku zile nilikuwa nakuletea ndizi."

"Ndiyo."

Jescah aliinuka akaingia ndani, akarudi na kitabu cha shule chenye jalada la bluu. Ndani yake, kwa mwandiko wa mwalimu, yalikuwa majina ya kila mkulima aliyemsajili tangu Septemba, nambari ya kitambulisho, tarehe, na pembeni alama. Wengine walikuwa na tiki. Wengine walikuwa na alama ya kuuliza, nyingine zimekolezwa mara mbili au tatu.

"Niliona wanapotea," alisema. "Nilikuwa natafutanga jioni, natafutanga Jumapili nikitoka kanisani. Wengine nawaandika tena na tena, wanapotea tena. Unajua nilidhani ni nani?"

Naliaka alitikisa kichwa.

"Wewe. Nilisema ni nani mwingine ana uwezo wa kuingia humo ndani? Nilidhani meneja anakutuma. Ndio nikawa nakuja na ndizi, nione kama utaniangalia machoni. Na siku moja hukuniangalia. Nikasema, basi, nimempata."

Kuku mmoja alipita katikati yao, na wote wawili wakamtazama kwa kuwa ilikuwa rahisi kuliko kutazamana.

"Ungeniambia, mama."

"Na wewe ungeniuliza." Jescah alifunga kitabu. "Wahenga walisema mtego wa panya huingia waliomo na wasiokuwamo. Mimi sina hasira ya mtego. Hasira yangu ni kwamba uliutega ukijua ni nani unamtaka. Uliona nimetafuta jina la mtu, ukasema huyu ni mwizi. Ungeliona Willis ametafuta, ungesema anafuatilia kazi."

Naliaka alifikiri kukana, akaona kwamba ni kweli. "Nimekuja kukuomba msamaha," akasema. "Na kukuomba uje Jumanne. Kamati inakutana na wakulima."

"Msamaha tutaona. Jumanne nitakuja, kwa sababu ya hao wenye alama ya kuuliza."

*

Jumanne ukumbi ulijaa. Mama Chepng'etich alikaa mstari wa mbele na Barnaba ubavuni. Naliaka alieleza kwa Kiswahili chepesi, akiandika jina ubaoni na kulikata mahali ambapo programu ililikata: Chepng, kisha etich. Wengine walicheka. Barnaba hakucheka.

"Mama fundi," alisema akisimama, "unataka kuniambia hakuna mtu. Kwamba ni mkato mdogo tu wa juu, umechagua watu wetu peke yake."

"Haukuchagua, mzee. Lung'aho naye alipotea. Majina yenu ndiyo yenye mikato mingi."

"Hayo ndiyo nasema. Hata mashine ikikosea, inakosea kwetu." Akaketi. Watu walinong'ona, na Naliaka akawaza kwamba aliyeijaribu programu miaka miwili iliyopita aliijaribu kwa majina ya kwao, na hayo yalipita.

Ndipo Jescah aliposimama, bila kuitwa, kile kitabu cha bluu mkononi. Alisoma majina yote yenye alama ya kuuliza, moja moja, kwa matamshi yake sahihi, na tarehe aliyowaandika na mara ngapi aliwarudia. Ilichukua robo saa. Alipofika kwa Chepng'etich alisoma, "Tarehe kumi na nne Septemba. Tena tarehe ishirini. Tena tarehe tatu Oktoba, nikiwa nyumbani."

Mama Chepng'etich aliinua kichwa. "Ulinirudia mara tatu?"

"Mara tatu."

"Na mimi nikapeleka jina lako kwa meneja."

"Ulipeleka. Mahindi yako yalikuwa yameoza, ungefanya nini."

Kisha Mama Chepng'etich aliomba kuandika jina lake mwenyewe. Alikwenda kwenye kompyuta, akatafuta herufi kwa kidole kimoja, akauliza mkato uko wapi, akaonyeshwa, akaubonyeza kwa nguvu. Naliaka akamfungulia orodha ya zamu. Lilikuwepo. Alilitazama muda mrefu, akasema, "Leo lipo. Kesho nitatuma mtu aangalie kama bado lipo."

Magunia yake arobaini na mbili ya mahindi hayakurudi. Kamati ilipitisha kwamba waliopotea wapewe zamu za kwanza kwa kilichobaki mashambani, na baadhi yao walikuwa na kitu, wengine hawakuwa na kitu tena. Osundwa alisoma barua ya kumrudisha Jescah kazini haraka haraka, bila kumtaja aliyemsimamisha. Kule Lugari wapo wanaosema mpaka leo kwamba hadithi ya mkato ilitungwa mjini kuwalinda wakubwa.

Jescah alirudi kwa masharti mawili. La kwanza, karatasi ibandikwe ukutani ikisema wazi kwamba seva inaandika kila anachofanya kila mfanyakazi, meneja akiwemo, na fundi akiwemo. Osundwa alisita, kisha akatia sahihi. La pili, kila Ijumaa yeye Jescah alisome daftari lile mstari kwa mstari, Naliaka akiwa ameketi hapo.

Ijumaa ya tatu walikaa hivyo, dirisha likiwa wazi kwa ajili ya joto kabla ya mvua ya mchana. Jescah alisoma taratibu, kidole kikishuka kwenye kioo. Makosa mawili yalikuwa yamenaswa wiki hiyo, moja la nambari ya simu iliyopungua tarakimu, moja la mtandao, na yote mawili yalikuwa yamerekebishwa. Kidole kikasimama.

"Jumamosi saa nne ulifungua orodha ya zamu za kule Mautuma," alisema. "Ulikuwa unataka nini huko?"

Naliaka alihisi uso wake ukipata moto, ingawa hakuwa na la kuficha. "Mkulima mmoja alinipigia simu, alitaka kubadilishiwa siku. Nikamwangalilia nafasi."

"Jina?"

"Zipporah. Wa karibu na shule."

Jescah alirudi juu kwenye daftari, akatafuta mstari wa Zipporah, akaupata, akalinganisha saa. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Haya," akasema. "Endelea. Shusha chini."

Naliaka akashusha.